Mgongo wa Somo Yangu

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, kazi yangu kila jioni nikitoka chuo cha Kurani ilikuwa kumkuna shangazi yangu mgongo. Hakutaka nitumie kucha. Alinipa gunzi la hindi lililokauka, akafunga mlango kwa komeo, akaketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi na kuteremsha kanga mpaka kiunoni. "Haya somo," alikuwa akisema, "kuna. Usinionee huruma."

Aliniita somo kwa sababu jina lake ndilo nililopewa siku ya saba baada ya kuzaliwa. Yeye Mwanaidi mkubwa, mimi Mwanaidi mdogo. Alikuwa dada wa baba yangu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kicheko hata alipokuwa anagomba. Mgongoni, kiunoni na mapajani, mahali ambapo jua halifiki, alikuwa na mabaka. Mengine yalikuwa meupemeupe kama mba, mengine yamekoza wekundu wa udongo wa kichuguu, na yalitoa magamba membamba yaliyonidondokea magotini nikimkuna. Yalimwasha usiku na mchana. Siku nyingine nilikuna mpaka damu ikachuruzika, naye akasema, "Hapo hapo, Mungu akupe heri."

Mama yangu alikuwa ameniapisha. Alinishika taya kwa vidole viwili akaniambia, "Ukiyatamka haya nje ya mlango huu, utatuua." Nilidhani ni maneno ya kutishia watoto tu.

Kitongoji chetu kilikuwa kaskazini ya mji wa Bagamoyo, kati ya minazi na mashamba ya chumvi, ukishika njia ya Makurunge. Baba alifanya kazi ya kukokota chumvi. Nyumba zetu zilikuwa za udongo na makuti, zimesogeleana kiasi kwamba mtu akipiga chafya huku, anaitikiwa kule. Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi Bwana Sefu na mkewe Bi Zena, na tangu mimi ninanyonya, nyumba yao na yetu hazikuwa zikiombana hata moto.

Sababu ilikuwa moto wenyewe. Bwana Sefu alikuwa na banda la kukaushia mbata. Yeye na babu yangu, Babu Kombo, walikuwa wamegombana siku nyingi kwa ajili ya minazi ya mpakani, wakatishiana mbele za watu. Mchana mmoja banda likashika moto, na ndani yake alikuwa amelala Rajabu, mtoto wa kwanza wa Bwana Sefu, mwenye miaka sita. Alikuwa ameingia kujificha jua. Alipotolewa alikuwa bado anapumua, na alikaa hivyo mpaka alasiri.

Hakuna aliyeona moto ulivyoanza. Bwana Sefu akaita walimu wasome Halbadiri. Kwetu Halbadiri haikuwa mchezo. Ni dua inayosomwa kwa kutaja majina ya mashujaa wa vita vya Badiri, na watu waliamini kwamba ikisomwa juu ya mbaya asiyejulikana, humtafuta yenyewe mpaka imfikie, yeye na kizazi chake. Tena humpiga kwa kilekile alichokitenda. Siku ya kisomo Babu Kombo alikoga, akavaa kanzu yake nyeupe, akaenda kuketi katikati ya barza ya Bwana Sefu, na kila walimu walipoomba aliyewasha moto ule aungue angali hai, naye aliitikia amina pamoja na watu wote.

Mwaka wa tatu baada ya hapo, ngozi ya Babu ilianza kubadilika. Kwanza mabaka, kisha mwili mzima ukawa mwekundu kama kaa aliyechemshwa. Alibabuka. Viganja vyake vilipasuka akawa hawezi kushika kikombe. Mimi namkumbuka kidogo tu, mzee anayetetemeka kwa baridi jua likiwa utosini, amejifunika mablanketi mawili. Alipokufa, watu walikuja mazikoni wakatazamana. Nje walisema, "Amevaa moto wake."

Ndiyo maana shangazi alijificha. Mumewe, mtu wa Kerege, alipoliona baka la kwanza alinyamaza. Alipoliona la tano alimpiga kwa mpini wa jembe, akamrudisha kwa baba yangu na kanga moja aliyoivaa.

Sasa nieleze nilivyomuuza.

Bwana Sefu na Bi Zena walikuwa na binti wa rika langu, Tatu. Wazazi wetu hawakusemezana, lakini sisi tulisoma chuo kimoja na kisima chetu kilikuwa kimoja. Siku moja kisimani Tatu alinitambia kwamba anajua mambo waliyofundishwa wasichana wakubwa unyagoni, ila haniambii, kwa kuwa mimi ni mtoto, sijui kitu. Nilichomwa. Nikamwambia, "Hata mimi najua jambo kubwa kuliko hilo."

"Jambo gani?"

"Shangazi yangu ana moto wa babu mgongoni."

Tatu akaacha kuvuta kamba. Ndoo ikarudi kisimani ikapiga maji. Nikatamani maneno yarudi nayo. Nilimwambia, "Usimwambie mtu, Tatu. Wallahi usimwambie." Akaapa. Alikuwa na miaka kumi kama mimi.

Walikuja siku ya pili yake, Jumamosi, saa nne asubuhi. Baba alikuwa chumvini, mama amekwenda shamba kung'oa mihogo. Shangazi alikuwa uani anatwanga, nami napepeta. Aliingia Bwana Sefu na nyuma yake wadogo zake wawili. Shangazi aliacha mchi, akafuta mikono, akasema kama tulivyofunzwa, "Shikamoo kaka Sefu."

Hakuitikia. Mkononi alikuwa na mkia wa samaki taa, ule uliokauka, ambao walimu wa zamani waliwachapia watoro. Alisema, "Geuka."

"Nigeuke kwani nini?"

Wale wadogo zake wakamkamata mikono, wakamkokota mpaka uwanjani mbele ya nyumba, visigino vyake vikichora mistari miwili mchangani. Mmoja akashika gauni lake shingoni akalichana mpaka chini. Shangazi alipiga ukelele mmoja tu, wa aibu, akajikunja kufunika kifua. Mgongo wake ukabaki wazi juani, na watu wakauona.

Watu walikuwa wengi. Sijui walitoka wapi upesi hivyo. Walikuwa ni walewale waliotuletea uji nikiugua, na wanawake waliosuka ukili pamoja na mama. Nilisikia mtu akisema, "Lahaula." Mwingine akasema, "Nilijua mimi." Hakuna aliyesogea.

"Sema alivyofanya baba yako," Bwana Sefu alisema.

"Baba hakuwasha moto."

Akampiga. Nimezaa watoto wanne, nimezika mume, na bado sijasikia sauti nyingine kama ile ya mkia wa taa juu ya mgongo wa mtu. Mahali penye ngozi nzima palivimba mstari. Mahali penye mabaka hapakuvimba, palipasuka.

"Sema."

"Baba hakuwasha."

Kila alipokataa alipigwa, na kila alipopigwa alikataa kwa sauti ileile, kama mtu anayesoma. Bwana Sefu alikuwa analia. Hilo nalikumbuka wazi, na kwa miaka mingi lilinikasirisha kuliko kipigo chenyewe: machozi na makamasi yanamtoka, na mkono hauachi. "Mwanangu aliniita mpaka alasiri!" alipiga kelele. "Mpaka alasiri alikuwa ananiita!"

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nyuma ya mtungi wa maji. Ningependa kuandika kwamba nilikimbia nikamkumbatia somo yangu. Sikukimbia. Niliona uso wa Tatu katikati ya miguu ya watu, naye akaniona, akainamisha kichwa.

Baba aliitwa na mtu, mpaka leo sijui nani. Alikuja mbio kifua wazi, chumvi imemkauka miguuni, na beleshi mkononi. Hakuuliza. Alimpiga beleshi mdogo wake Bwana Sefu begani, nikasikia mlio kama wa dafu linalopasuliwa, na yule mtu akakaa chini kama aliyeambiwa akae. Yule wa pili akamrukia baba kwa nyuma. Wakaanguka. Bwana Sefu akautupa mkia wa taa, akaingia uani kwetu, akatoka na mchi aliokuwa akitwangia shangazi. Mdogo wake akiwa amemkalia baba kifuani na kuukandamiza mkono wake wa kulia ardhini, Bwana Sefu aliupiga mkono ule kwa mchi. Mara ya kwanza baba alipiga yowe. Mara ya pili hakutoa sauti. Mara ya tatu mkono ulikuwa umepinda mahali pasipo kiwiko.

Kilichowazuia hakikuwa huruma. Yule aliyekuwa amemkalia baba aliinuka, akaenda jikoni kwetu, akachomoa kijinga cha moto akakichomeka kwenye ukingo wa paa. "Moto kwa moto," alisema. Ilikuwa majira ya kusi, upepo umeshika, na makuti yalikuwa hayajaona mvua kwa wiki kadhaa. Yaliwaka kwa mlipuko. Cheche zikaruka kuelekea nyumba ya jirani, na ya jirani yake, na ndipo watu wale waliosimama kama magogo walipopata miguu. Walikimbilia madumu, ndoo, mchanga. Watu waliotutazama tukiuawa walipanda juu ya mapaa yao wakimwagia maji, wakilia majina ya watoto wao. Bwana Sefu mwenyewe aliuangusha mchi akasimama akiutazama ule moto, kisha akakimbia kuchota maji. Nilimwona akipita mbele ya nyumba yetu na ndoo mbili.

Nyumba yetu iliteketea. Nyingine zilisalimika. Balozi wa nyumba kumi alifika na mgambo wakati moto umekwisha zimwa, wakawachukua Bwana Sefu na mdogo wake mzima mpaka kituoni. Walifungwa miezi kadhaa. Yule wa bega alipelekwa hospitali kwa gari lilelile lililompeleka baba, wamelazwa ubavu kwa ubavu.

Mjomba wangu alitaka tuhamie Kiwangwa, kwa ndugu za mama, tukalime mananasi na watu wasiotujua. Baba alikataa. Mkono wake ulikuwa umefungwa plasta na hakuweza hata kujifunga shuka, lakini alisema, "Nikihama, nimekiri." Tukajenga tena palepale, chumba kimoja kwanza.

Nilingoja shangazi aniulize nani alisema. Alijua vizuri kwamba kabla ya siku ile, hapa kitongojini, mgongo wake waliuona watu watatu tu, baba, mama na mimi. Siku majeraha yalipofunga, alitafuta gunzi jingine, akaketi, akateremsha kanga. "Haya somo," alisema. Nilishika gunzi nikashindwa. Akangoja bila kugeuka mpaka nilipoanza kukuna. Hakuuliza siku hiyo wala siku nyingine.

Aliishi miaka miwili zaidi. Mabaka yakawa manene, kisha yakatoa vinundu, kama nyanya zilizotiwa chini ya ngozi, na vinundu vikafumuka vikawa vidonda. Daktari mmoja mjini alidhani ni ukoma. Alimfumba macho akamchoma kwa sindano hapa na pale, shangazi akawa anaruka kila mara. Daktari akasema anahisi, basi si ukoma, akampa dawa ya kupaka. Mganga mmoja alisema moto hutolewa kwa moto, akavichoma vile vinundu kwa chuma cha moto. Baba aliruhusu. Mimi niliambiwa nimshike miguu, na safari hii sikujificha nyuma ya mtungi, nilimshika. Vilirudi, na vingine.

Alikufa asubuhi ya Jumatano, mimi nikiwa na miaka kumi na mitatu kasoro, nimekwisha vunja ungo. Mwosha maiti wa kitongoji chetu alituma salamu kwamba kiuno kinamuuma. Tukatuma mjini. Aliyetoka mjini alifika mlangoni, akaambiwa na majirani, akarudi na mfuko wake. Wanawake walikaa nje chini ya makuti, wamejifunika kanga, lakini hakuna aliyeingia. Walisema mwenye kuigusa ngozi ile atauchukua moto nyumbani kwake. Adhuhuri ikakaribia, na maiti haisubiri. Mama akakunja kanga kiunoni akaniambia, "Tutamwosha mimi na wewe."

Ndipo tukasikia, "Hodi."

Alikuwa Bi Zena. Hakuwa amekanyaga kwetu tangu mimi nipate akili. Mama alisimama mlangoni akamzuia.

"Zena, umekuja kutazama?"

"Nimekuja kuosha," alisema Bi Zena. "Maji yako wapi?"

Hakungoja jibu. Alivua viatu, akaingia. Alimsitiri shangazi kwa kanga mbili, akaniambia nimwage maji na mama amgeuze. Alianza upande wa kulia, akitaja jina la Mungu, akitumia kitambaa laini na maji ya majani ya mkunazi. Alipita juu ya vidonda kama mtu anayemwosha mtoto mchanga. Hakukunja uso. Tulipomgeuza mgongo alisimamisha mkono, akautazama mgongo ule kwa muda, makovu ya mkia wa taa, alama za chuma, vinundu. Kisha akauweka mkono wake mtupu juu yake, bila kitambaa.

"Mimi nimewahi kuosha mwili ulioungua," alisema. "Rajabu nilimwosha mwenyewe, sikumpa mtu. Ngozi iliyoungua hukauka, hujikaza, na ile harufu haijanitoka mpaka leo. Huu si moto. Haya ni maradhi, kama maradhi mengine."

Mama alianza kulia. Mimi maneno yalinitoka tu. "Bi Zena, ni mimi niliyemwambia Tatu."

"Najua," alisema, bila kuinua kichwa. "Na Tatu aliniambia mimi. Na mimi nikamwambia Sefu, tukila. Nilijua atakachokifanya, nikamwambia vilevile. Nilitaka mtu aumie." Akakamua kitambaa. "Mwaga maji, mwanangu. Taratibu."

Alipomaliza na kumtia kafuri na kumvisha sanda, alitoka nje kwa wale wanawake, mikono yake bado imelowa, akawaonyesha viganja. "Nimemwosha," aliwaambia. "Nitakwenda kupika kwa mikono hii. Atakayeogopa chakula changu asile." Wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakaingia kumuaga maiti.

Siku ya tatu ya matanga alikuja Bwana Sefu. Alisimama mbele ya jamvi, hajui aketi wapi, amekonda, kofia mkononi. Baba aliinua birika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umepona vibaya na haukuweza tena kubeba kitu, akammiminia kahawa. Nusu ilimwagika. Bwana Sefu aliipokea kwa mikono miwili, akanywa amesimama, akaenda zake. Hawakupatana kwa maneno, na sidhani kama baba alimsamehe. Alimpa kahawa.

Nilipotimia miaka hamsini na kidogo, nikiwa naishi Dar es Salaam, nilipata baka la kwanza kwenye nyonga. Nilijua kabla sijaambiwa. Daktari, kijana mwenye umri wa mwanangu wa mwisho, alikata kipande kidogo cha ngozi, na majibu yaliporudi alinieleza pole pole: ni saratani ya chembe nyeupe za damu, ambayo badala ya kukaa kwingine mwilini hukaa kwenye ngozi. Haiambukizi. Kwa kawaida humpata mtu mmoja peke yake, na mara chache sana huonekana katika watu wa damu moja, na hata wao madaktari hawajui vizuri kwa nini. Akaniuliza kama katika ukoo wetu kuna aliyewahi kuwa nayo. Nikamwambia wapo wawili, mmoja alikufa akiitwa mchomaji na mwingine alichapwa kwa ajili yake. Aliweka kalamu chini. Natibiwa kwa mwanga na dawa za kupaka, nami naendelea. Watoto wangu wote nimewaambia, wakubwa kwa wadogo, mezani, mlango ukiwa wazi.

Watu huniuliza kama bado naamini Halbadiri. Huwajibu kwamba dua sizichezei. Lakini najua kwamba siku ile hakuna jina lolote la Badiri lililoushika ule mkia wa taa. Aliushika baba aliyefiwa, akatumwa na mama aliyefiwa, wakaelekezwa na mtoto aliyetaka kuonekana anajua jambo. Sote tulikuwa na majina, na tulijuana.

Nikienda Bagamoyo hupita makaburini nikawasomea Fatiha Babu, Shangazi na Baba. Zamani nilikuwa nikimaliza naondoka. Siku hizi huenda mpaka upande wa pili, kwenye kaburi fupi ambalo jiwe lake limezama mchangani. Mpaka leo hakuna ajuaye moto wa banda lile ulianzaje. Labda kaa lililosahauliwa chini ya makumbi. Kwa miaka yote ile kitongoji kizima kilitafuta ngozi ya kuilaumu, na mtoto mwenyewe akasahauliwa, kwamba alikuwa na miaka sita, amechoka na jua, akatafuta mahali pa kulala. Namsomea na yeye, kisha nakaa kidogo.